Mahindi Yaliyolala Ugenini

Watu wa mji wa Kitui walikuwa wakisema kwamba Shufaa binti Yakub angeweza kumpekua hata malaika, akishuku ameficha kitu chini ya bawa. Walisema wakicheka, lakini hawakusema mbele yake, kwa sababu Shufaa alikuwa na ulimi, na ulimi wake haukuwa na likizo.

Alizaliwa katikati ya magunia. Baba yake, mzee Yakub, alikuwa na duka la nafaka na mafuta ya taa karibu na msikiti, na babu yake ndiye aliyepanda kutoka pwani na biashara ya shanga, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani walisema Kiswahili, dukani Kikamba, na mwizi aliambiwa kwa lugha zote mbili. Shufaa alitiwa bambo mkononi kabla hajajua kusuka nywele. Bambo ni kile kichuma kilichochongoka chenye mfereji, unachoma nacho gunia, punje zinateremka mpaka kiganjani uone kama ni nzima au zimeliwa na dumuzi. Mwenye duka huonjea nalo. Mwizi hunyonyea nalo, na gunia likabaki limeshonwa vizuri kama halijaguswa. Mtoto aliyekulia hapo hakuambiwa kwamba dunia ina wezi, alionyeshwa tundu.

Alisoma, akamaliza, akawa karani wa stoo kwenye kiwanda cha pamba. Akaolewa Mwingi na fundi cherehani aitwaye Hassan, akarudi. Aliyemuuliza sababu aliambiwa akaulize Mwingi. Baadaye akachukuliwa na chuo kidogo cha ufundi nje ya mji kufundisha vijana kazi ya stoo: kupokea mzigo, kuupanga, kuutoa, kuulinda. Vijana walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Wakikosea walikuwa wanajua kabisa kwamba hatawachapa, na wangependa awachape kuliko aseme.

Basi ikaja njaa ya themanini na nne. Wale walioiona hawahitaji kuelezwa, na wale ambao hawakuiona hata wakielezwa hawatajua. Ng'ombe walikufa wamesimama. Mahindi ya njano yakaja kutoka ng'ambo, yakashushwa Mombasa, yakapanda treni mpaka Sultan Hamud, na kutoka hapo yakapanda malori kuingia ndani, kwa watu.

Upande wa Kathonzweni mzigo ulikuwa unaletwa na shirika moja la kanisa. Lori la kwanza lilifika na nusu ya mzigo. La pili lilifika na magunia yote, watu wakashangilia, kumbe mengi yalikuwa na makapi ya mtama chini na mahindi juu kama kofia. Dereva alisema hajui. Askari alisema hajui. Ilikuwa ni barabara ya watu wasiojua.

Msimamizi wa shirika hilo alikuwa Mwangangi, mzee wa kanisa, mtu wa kola safi, ambaye hakupandisha sauti hata siku moja na kwa hiyo alitisha zaidi. Alikuja Kitui mwenyewe, akakaa mbele ya Shufaa na kumwambia anataka chuo kimtengenezee mafunzo. Kitabu kizima, cha makarani, madereva na askari, kinachoanzia relini na kuishia mlangoni pa stoo ya mwisho, kinachosema mzigo unaibwaje na unalindwaje. Chuo kikiweza, mafunzo hayo yatafundishwa kila mahali shirika lilipo. Kisha akaongeza jambo la pili kwa sauti ileile ya kuombea chakula. Lori la tatu likipotea, wakubwa wake wa Nairobi wataifunga barabara ya Kathonzweni. Mahindi yatapelekwa mahali yanapofika.

Shufaa akamuuliza kama wale watoto wa Kathonzweni ndio walioiba. Mwangangi akasema hapana, lakini yeye si mwandishi wa sheria hiyo, ni mbebaji wake tu.

Shufaa akaifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alikwenda Sultan Hamud, akapanga chumba nyuma ya duka moja la barabarani, na kila asubuhi akakaa kwenye kigoda nje ya ghala la reli na kutazama. Wapagazi walidhani ni mganga. Aliona gunia likiangushwa makusudi lipasuke. Aliona mfagiaji anayefagia vizuri mno. Alimwona askari mwenye koti zito kwenye jua la saa saba, akamuuliza kama ana homa, na askari hakurudi kazini kesho yake. Kila aliloliona alilichora na kuliandika, likawa somo.

Lakini si wizi peke yake aliouona pale. Siku moja behewa lilifunguliwa, jua likapiga ndani, na mahindi yaliyomwagika sakafuni yakang'aa kama shaba. Shufaa akaokota punje moja. Akawaza kwamba imepandwa na mtu asiyejua kama kuna mahali panaitwa Kathonzweni, na ambaye hatajua mpaka afe. Ikavunwa, ikavuka bahari, ikapita kwa mpagazi wa bandarini, kwa karani, kwa mtu wa treni, kwa dereva, kwa askari, kwa mwenye stoo, watu ambao hawajuani hata kwa majina, ili iingie kwenye sufuria ya mama aliyekaa juu ya jiwe akingoja. Aliona ni ajabu kwamba punje hata moja hufika. Mikono yote hiyo, na mmoja tu mchafu ukitosha kuharibu kazi ya mingine yote.

Ndiyo maana somo la sita alilipigia mstari mara mbili. Alikuwa ameagiza uzi mwekundu, akawa anayashona mwenyewe midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kwa mshono wa bibi yake ambao ukishakatwa huwezi kuuiga. Juu ya lori turubai likafungwa kwa kamba moja inayopita kwenye pete zote, na mwisho wake ukabanwa kwa sili ya risasi, muhuri usiofunguka bila kuvunjwa. Na somo likasema hivi: *Uzi uliokatwa ni mlango uliovunjwa. Gunia ambalo uzi wake umekatwa halipokelewi, hata aliyelileta aape.* Mwangangi alilisoma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema lori la tatu ndilo litakalokuwa mtihani wa kitabu.

Siku ya lori hilo Shufaa alishona, akabana sili, akamkabidhi mzigo dereva aitwaye Mulei, mtu wa Kabati, mnyofu lakini mwoga, pamoja na askari mmoja. Yeye na Mwangangi wakatangulia kwa Landrova kwenda kungoja Kathonzweni. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Hewa ilikuwa nzito na nzi walikuwa wanauma, na watu walikuwa wanatazama vilima vya Mbooni bila kusema neno, maana mvua ikitajwa sana huona haya.

Wakangoja mlangoni pa stoo. Mchana ukapita. Lori halikuja. Alasiri akaja mtu wa baiskeli, jasho na vumbi vimemfanya kama mtu wa udongo, akasema lori limezama kwenye mchanga wa mto, pale barabara inapokatiza, na ekseli imevunjika. Halafu, kabla hajamaliza kunywa maji aliyopewa, mbingu upande wa Mbooni ikawa nyeusi kama sufuria, ngurumo ikapita juu ya paa za mabati.

Landrova iliwafikisha karibu na mto, mvua ikiwa tayari inapiga. Shufaa aliusikia mto kabla ya kuuona. Mto ule ulikuwa mchanga mtupu tangu mwaka uliopita, watu walikuwa wanachimba ndani yake kutafuta maji kwa kikombe, na sasa ulikuwa ukishuka kwa kishindo, wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba miti mizima na mzoga wa punda. Katikati yake lori la Mulei lilikuwa limelala upande, maji yakiingia dirisha hili na kutokea lingine. Shufaa hakuwahi kuona kitu kikubwa hivyo kikifanywa kidogo hivyo. Akasimama mdomo wazi, mvua ikamwingia kinywani.

Mulei alikuwa ukingoni, chini ya mti wa miiba, analia. Kifuani amekumbatia rundo la magunia matupu. Nyuzi nyekundu zilining'inia, zimekatwa zote.

Habari yenyewe walimtoa kidogo kidogo kama jino. Lori lilipozama, wanawake waliokuwa wakichimba matuta mlimani waliteremka kutazama. Walikuwa kundi la mwethya, yaani wale wanaosaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mbele yao alikuwa mama mrefu mwenye panga, ambaye baadaye walijua anaitwa Kalondu. Aliangalia vilima, akamwambia Mulei maji yanakuja, ashushe mzigo. Mulei akamwambia mzigo una sili, hauguswi mpaka Bwana Mwangangi aje. Mama yule akamuuliza kama Bwana Mwangangi anaweza kuwaambia maji yangoje. Kisha akaikata kamba ya turubai kwa pigo moja. Askari alikimbia. Gunia zima halibebeki na mtu ambaye hajala, kwa hiyo wakazikata na nyuzi, wakamwaga mahindi kwenye viondo, kwenye makarai, kwenye leso. Wakapanda nayo ukingo wa upande wa Kathonzweni, wakarudi, wakapanda tena. Maji yakaja gunia la mwisho likiwa linamiminwa.

"Na mahindi yako wapi?" Shufaa akauliza.

Mulei akaonyesha kwa mkono kule vilimani, huku na huku na huku. Mvua ilikuwa inaanza, mahindi yangelowa, wakayabeba wakaenda nayo makwao.

"Akina nani? Majina."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa Kabati. Hata sura sikuziona. Zote zilikuwa zimeinama chini ya mizigo."

Mwangangi alikuwa ameshika kofia yake, maji yanamtiririka shingoni. Hakukasirika. Alisema tu, polepole, kwamba mzigo wa Kathonzweni sasa umo katika nyumba zenye njaa ya mwaka mzima, nyumba asizojua idadi yake, na kwamba yeye kama angekuwa baba wa nyumba mojawapo, jiko lingekuwa linawaka saa hiyo. Kesho asubuhi ataandika ripoti. Kisha akamkumbusha Shufaa, bila ubaya, maneno ya somo la sita.

Usiku huo, katika chumba cha wageni cha kanisa, Shufaa alijilaza na nguo zake mbichi, akiona jambo moja tu: moto ukiwaka katika kila nyumba ya vilima vile, na mtu wa kulaumiwa hayupo. Nani amlaumu mama anayempikia mtoto? Barabara itafungwa, na wa kwanza kufa ni wale wasiokuwa karibu na mto.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Dunia ilikuwa imeoshwa, ikinuka udongo mpya. Shufaa alikaa kwenye ngazi za stoo na Mwangangi akatoa meza nje ili aandike ripoti yake penye mwanga. Ndipo wakaona mtu kwenye njia.

Alikuwa mwanamke, ameinama, kamba ya kiondo imembana paji la uso, mzigo mgongoni umefunikwa leso. Nyuma yake mwingine. Nyuma ya huyo, wengine. Wakatokea kwenye kona ya njia mmoja baada ya mwingine, wakashuka, wakatokea tena, mpaka Shufaa akadhani ni walewale wanazunguka. Walikuwa hawaimbi wala hawana shangwe yoyote. Walikuwa wananung'unika juu ya matope. Miguu yao ilikuwa myembamba kama fito, na mmoja alipumzika kila baada ya hatua chache akiegemea fimbo, kisha akainuka tena na mzigo ambao haukuwa wake.

Shufaa alisimama. Maisha yake yote alikuwa ameishi na vitu vinavyorudi kwa sababu vimefungwa. Hakuwahi kuona kitu kinachorudi kwa miguu yake.

Kalondu akafika mbele, akatua karai, akajinyoosha mgongo. "Nani anapokea hapa?" akauliza. "Tumechoka, na shamba linatungoja, udongo umelowa."

Mwangangi akamuuliza, kwa heshima ya mwana kwa mama, "Mwaitu, mahindi haya yalilala wapi?"

"Yalilala ugenini."

"Ugenini ni wapi?"

"Kiondo cha Kasyoka kililala kwa Nthenya. Cha Nthenya kikalala kwangu. Changu kikalala kwa yule pale mwenye mdomo mrefu."

"Mdomo mrefu ni wako," sauti ikajibu kutoka nyuma, na mstari mzima ukacheka, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana.

Shufaa akasogea. Akamuuliza kwa Kikamba kwa nini kila mmoja hakwenda tu nyumbani na mzigo alioubeba. Kalondu akamtazama kama anavyotazamwa mtoto wa mjini.

"Dereva alitutajia mwana wa Yakub wa duka, ni wewe? Basi sikiliza. Sisi mbegu zetu hatujiwekei. Tukishavuna, kila mmoja anampelekea mwenzake mbegu zake amtunzie, na yeye anatunza za mwingine. Njaa ikikukamata, mbegu yako utaila. Si ni yako? Utaulizwa na nani? Lakini mbegu ya Kasyoka nikiila, halafu mvua inyeshe, Kasyoka aje na jembe asimame mlangoni kwangu, nitamwambia nini mimi?" Akapangusa jasho. "Jana hatukuwa na nafasi ya kufikiri. Tulifanya vile tunafanya."

Shufaa aliuliza tena, karibu kwa kunong'ona, kama zile mbegu bado zipo. Njaa hii yote, zipo?

"Zipo," Kalondu akasema. "Leo tunapanda. Ndiyo maana nakwambia fanya haraka."

Hapo Shufaa akakaa tena kwenye ngazi. Katika nyumba zile watoto walikuwa wamelala njaa miezi mingi, na miezi yote hiyo, juu ya vichwa vyao, darini, mbegu za jirani zilikuwa zimening'inia. Na jana usiku yakaongezeka mahindi ya watu wasiojulikana kabisa, yananuka, makavu, katikati ya chumba. Na asubuhi yakainuliwa yakapelekwa. Hakukuwa na mlinzi wala sili, na kufuli ya kufungia hata mlango hawakuwa nayo. Mwandishi wa masomo yote yale hakuwa na mahali pa kuliweka jambo hili kichwani. Alilitazama tu kama alivyoutazama mto.

Kazi ikaanza. Wakatandaza turubai, wakamwaga, wakajaza magunia upya, na Shufaa akashona kwa shazia. Kila gunia likatundikwa kwenye mizani. Mengine yalizidi uzito kidogo, maana walikuwa wamefagia hadi ukingo wa mto na kuleta mahindi pamoja na mchanga wake. Mwangangi akachota mchanga ule kwa vidole, akautazama muda mrefu. Gunia la mwisho likapungua. Kidogo tu. Kwa kidogo kile hakuna karani duniani angeuliza.

"Huo upungufu ni mimi," ikasema sauti.

Alikuwa Nthenya, yule bibi mzee wa fimbo. Watu wakampisha.

"Cha Kasyoka kililala kwangu. Mjukuu wangu alizimia alfajiri. Nikachukua konzi mbili nikamchemshia. Mungu nimeshamwambia, sasa nawaambia nyinyi."

Kasyoka, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, akasema kama mjukuu kwa bibi, "Susu, si ungeniambia tu."

"Ningekuambia saa ngapi, na wewe ukilala ni gogo?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nthenya alikuwa amesimama wima kama mtu anayengoja hukumu, fimbo mbele, na watu wote wakamgeukia Mwangangi. Mwangangi akamgeukia Shufaa. Akamwambia kwa Kiswahili, ili asikike na kila mtu, kwamba yeye ameahidi wakubwa zake kufuata kitabu, na kitabu kinasema wazi.

"Mwalimu, uzi umekatwa, sili imevunjwa, na mzigo umelala usiku kucha nje ya macho yetu. Nipokee au nisipokee?"

Shufaa alijua kwamba akisema pokea, kitabu chake kimekufa siku ya mtihani wake, na pengine Nairobi wataitupa kazi yake yote. Hakuona tabu kuchagua. Ilimshangaza jinsi ambavyo hakuona tabu.

"Pokea," akasema.

"Na somo la sita?"

"Somo la sita liliandikwa na mtu ambaye alikuwa hajafika Kathonzweni."

Mwangangi akainama mezani akaandika. Kalamu ikasimama. Akauliza konzi mbili aziweke wapi. Shufaa akamuuliza mahindi haya yaliletwa kwa ajili ya nani, akajibu, waliozidiwa na njaa. "Basi mjukuu wa susu ni mmoja wao," Shufaa akasema, "alikula mapema tu." Mzee wa kanisa akakaribia kucheka, akajizuia, akaandika hivyohivyo. Kisha akavaa kofia, akaivua tena mbele ya Nthenya, na kumwambia kwamba barabara ya Kathonzweni haitafungwa maadamu yeye yuko kazini. Kama wakubwa zake wanataka kuifunga, waje waifunge wenyewe, na kwanza waje walale hapa usiku mmoja.

Mchana ule mahindi yakagawiwa. Wanawake wa mwethya walirudi kutoka kupanda wakasimama kwenye foleni kama watu wengine, na huko hakuna aliyewatambua kwa lolote. Waligombana. Kalondu alidai kuna mtu amemruka, yule mwenye mdomo mrefu akamwambia aende akakate kamba nyingine, mtu akakanyagwa kidole na matusi yakatembea foleni nzima. Shufaa alikuwa anapima kwa debe. Kila mmoja wao alipofika alitandika leso yake, akapokea kipimo chake, akalalamika ni kidogo, akaenda. Yalikuwa mahindi yaleyale aliyoyaleta mgongoni asubuhi, na sasa yalikuwa yake.

Lori la nne lilipita wiki iliyofuata, kwa njia ya mbali isiyokatiza mto, na mengine baada yake, mpaka mashamba ya Kathonzweni yakaivisha yenyewe.

Shufaa alirudi Kitui akakaa mbele ya somo la sita siku nyingi bila kuandika. Mara nyingine alianza, akakunja karatasi. Kuonyesha wizi unafanyikaje ni rahisi, unachora tundu. Utachoraje kile alichokiona njiani asubuhi ile? Mwishowe aliandika somo lingine kabla ya lile, fupi kuliko yote, linalosema anayebeba asiwe anayetunza, na anayetunza awe anajulikana kwa jina na yule atakayekuja kudai. Habari ya mto akaieleza yote, na jina la Nthenya likiwamo. Kamati iliyokuja kukagua mafunzo ikasema masomo mengine ni mazuri sana lakini hilo ni hadithi, halina kipimo. Shufaa akawaambia walitoe kwenye mtihani kama wanapenda, yeye atalifundisha. Kitabu kikapita kwenye mashine ya kurudufu, kikaenda Machakos, Mwingi, hata Garissa, na watu wakakitumia mpaka miaka ya tisini karatasi zikiwa zimekuwa njano.

Namna alivyolifundisha somo hilo, vijana wa chuo hawakuipenda. Siku ya kwanza ya muhula aliwaamuru wabadilishane mikebe ya chakula cha mchana. Kila mmoja akae na cha mwenzake mpaka kengele ilie, na cha kwake kikae kwa mwingine. Siku hiyohiyo kijana mmoja aitwaye Ndolo, mnene, mchekeshaji, akala cha Mutunga saa nne na kujitetea kwamba mkebe ulikuwa unanuka vizuri. Darasa likaangua kicheko, likamngoja mwalimu amchane kwa ulimi.

Shufaa alihamisha dawati la Ndolo, akaligeuza litazamane na la Mutunga, akaendelea kufundisha mpaka jioni, na Mutunga akapiga miayo ya njaa mbele ya Ndolo, saa baada ya saa. Walipokuwa wanatoka Ndolo alimfuata mwalimu mlangoni akamwomba kesho amchape tu, yaishe.

"Kesho utakaa tena na cha Mutunga," akaambiwa.

Kesho yake Ndolo alikaa mbele, na mapajani alikuwa na mkebe wa Mutunga umefungwa kwa leso ya mama yake, mafundo mawili, na hakuuweka chini hata alipokuwa anaandika, mpaka kengele ya saa saba ikalia.